Simba Asiyekula wa Mandewa

Rahabu alikutwa kifudifudi kando ya kisima cha mchangani, mgongo umechanwa mistari mitano toka bega mpaka kiuno. Alikuwa maiti wa tatu kijijini Mandewa tangu uwele uanze kuvunwa, na wote watatu waliuawa na simba. Hivyo ndivyo Bwana Shauri, Mwingereza mtawala wa wilaya, alivyoandika kwa mkono wake mwenyewe, akiwa ofisini Singida Mjini, bila kuchafua viatu. Simba aliyemfahamu vizuri Bwana Shauri ni yule wa kwenye nembo ya Mfalme, ambaye hali watu, angalau si kwa meno.

Inspekta Mrisho alichafua viatu. Alichuchumaa kando ya maiti.

"Othmani, unaona alama ya jino?"

"Hapana, afande. Kucha tu," akajibu konstebo wake.

"Ameburutwa?"

"Hapana."

"Sasa huyu ni simba gani? Anaua, hali, haburuti, anakwenda zake!"

"Labda alishiba, afande."

"Mara zote tatu?"

Othmani akaonyesha nyayo mchangani. Zilikuwa za simba kweli, pana kama sahani, ila zote zilikuwa za mguu mmoja, ule wa mbele wa kulia.

"Kwa hiyo tunamtafuta simba aliyeshiba, anayerukaruka kwa mguu mmoja," alisema Mrisho.

Hakucheka, wala Othmani hakucheka. Chini ya sikio la marehemu palikuwa na tundu jembamba la ncha ya kisu. Mrisho akaifunika maiti kwa kaniki ya marehemu. Watu wawili wamezikwa kwa uongo, wa tatu anasubiri, na serikali imeupigia muhuri!

Shahidi alikuwa mmoja. Selina, binti wa miaka kumi na minne, ndiye aliyefuatana na Rahabu kisimani. Alikuwa yatima, naye na mdogo wake Fabiano walilelewa kwa Melkiori, mwindaji mkongwe. Ujanani Melkiori aliua simba kwa mkuki, na kwa desturi ya huko muuaji wa simba hupita boma kwa boma akichezewa ngoma na kutunzwa mbuzi. Heshima hiyo haina mshahara, wala haina pensheni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vuta kigoda. Simba huyu mjanja, lakini nimeshanoa mkuki."

"Nasikia Selina alimwona."

"Alimwona? Alikimbizwa! Simba nyuma, mtoto mbele, mtungi kichwani, na hakumwaga hata tone! Maji yale ndiyo tuliyopikia ugali. Ukisikia malezi, ndiyo hayo."

Mrisho akautazama mtungi pale mlangoni. Maji ya ziwa Singidani ni ya chumvi. Ya kunywa huchimbwa mchangani, yakachotwa kwa kibuyu kidogo kidogo, na kuujaza mtungi ni kazi ya asubuhi nzima. Binti anayerudi na mtungi mtupu huchapwa. Selina hakuwa na simba wa kumkimbia, ila fimbo ya nyumbani aliijua, kwa hiyo alirudi na maji yake. Naye Melkiori, kwa uroho wa sifa, hakuweza kuiacha hata ile ya mtungi usiomwagika.

"Amelelewa kweli," alisema Mrisho. "Naomba nifuatane naye mjini, aweke dole gumba kwenye maelezo yake."

Kituoni, Othmani aliweka mtungi uliojaa maji sakafuni, mbele ya Selina.

"Simba alitokea wapi?" aliuliza Mrisho.

"Kichakani, bwana."

"Ukakimbia?"

"Ndiyo."

"Jitwishe huo. Kimbia mpaka ukutani."

Selina akautazama mtungi. Hakuugusa.

"Siwezi, bwana. Yatamwagika."

"Basi hapakuwa na simba."

Selina akachutama kando ya mtungi. "Nikisema, Fabiano ataliwa. Baba Melkiori ameniambia. Kila siku ananiambia."

Mrisho alinyanyuka kwa ghafla hata kiti kikaanguka. Mtoto wa miaka sita amewekwa rehani kama mbuzi!

Othmani alitumwa Mandewa na amri nzito ya serikali, kwamba watoto wote wachanjwe ndui leo hii mjini. Amri hiyo ilitungwa mlangoni pa kituo, haikuwa na karatasi wala aibu. Melkiori alimtoa Fabiano mwenyewe, akimwonya asilie mbele ya wageni.

Fabiano alipokaa mapajani pa dada yake, akila andazi, Selina akasema.

"Kazi yangu ni kumwambia mtu twende kisimani. Tukifika nachota. Nimeambiwa nisigeuke. Kukinyamaza, nabeba maji, narudi nikilia simba."

"Hukugeuka kamwe?"

"Kwa Rahabu niligeuka. Aliniita jina."

Jioni ile Mrisho alirudi kwa Melkiori. Shikamoo aliiacha mjini. Ndani ya kihenge cha uwele, Othmani alichomoa mguu wa simba uliokaushwa, umefungwa kwenye fimbo, na kisu chembamba.

"Ni kumbukumbu za ujana wangu," alisema Melkiori.

"Na damu hii mbichi, ni ya ujana wako?"

Majirani walikuwa wamejaa uani. Melkiori akawatazama mmoja mmoja, kisha akaacha kukana.

"Simba wamekwisha," alisema. "Wazungu wamewamaliza kwa bunduki. Nanyi mkanimaliza mimi! Nani alinipisha njia? Nani alinipa kigoda? Mama yake Rahabu alinichezea ngoma mpaka akadondoka. Binti yake ananipita kisimani kama anapita kisiki. Nilitaka muogope tena, mnikumbuke. Ngozi ninayo, nimeificha. Ningeileta, nikasema nimemwua simba, mngecheza."

"Watu watatu, ili uchezewe ngoma?"

"Wewe hujawahi kuchezewa. Hujui."

Mrisho akambana pingu mpaka mzee akaguna, na hakuomba radhi.

Bwana Shauri alifuta neno "simba" mahali patatu, kwa wino mwekundu, akaongeza kwamba ofisi yake ilishuku tangu mwanzo. Mrisho aliyasoma hayo akiwa amesimama, kwa sababu angekaa angetukana.

Kisha akaenda kwa Selina.

"Hutanyongwa. Utapelekwa shule ya watoto waliovunja sheria. Hujatimiza umri."

"Umri wa kunyongwa?"

"Ndiyo."

Selina akamvuta Fabiano karibu. "Na umri wa kutumwa kuua, bwana, sheria inasemaje?"

Mrisho alizijua sheria zile kifungu kwa kifungu. Alisimama mlangoni akivipitia vyote, kisha akaanza upya toka cha kwanza.