Chaza wa Mjane na Kome Weusi

Kila asubuhi mjane mmoja wa pwani aliwasha jiko, akakoroga chai, akaimimina katika vikombe viwili. Ndipo alikumbuka kwamba yuko peke yake, akairudisha chai ya kikombe cha pili birikani. Watoto hakujaliwa. Marehemu mumewe alimwachia kamba za kufugia chaza, zilizoning'inia baharini karibu na ufuko, na sufuria moja kubwa.

Sufuria hiyo ilikuwa na kazi yake. Kila msimu marehemu alizichovya kamba katika maji ya moto kwa muda mfupi. Viumbe vidogo vilivyojibandika juu ya chaza vilikufa. Chaza walifumba magamba yao, wakapona.

Mjane aliifuata njia hiyo bila kupunguza kitu. Lakini mwaka mmoja kome wadogo weusi walizifunika kamba zote. Akawachovya, hawakufa. Akazidisha moto. Kome wakabaki wameng'ang'ania, na chaza wengi wakafa wakiwa wameachama.

"Sasa nitaishi kwa nini?" aliiuliza sufuria, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mwingine wa kuulizwa.

Hatimaye alimwita binti mmoja, afisa wa uvuvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watazame wageni wangu. Hawakubisha hodi, na kuaga hawaagi."

Afisa alitabasamu, akatia kipimajoto majini, akakisoma mara mbili.

"Mama, bahari hii imepata joto. Chaza wako wamezoea maji ya baridi. Joto hili tu limekwisha kuwachosha, nawe unawaongezea sufuria."

"Na hawa weusi?"

"Kwao ni kwenye joto. Hata zamani walifika, wamejibandika chini ya meli, ila baridi ya hapa iliwaua. Siku hizi haiwaui, basi wamehamia."

"Kumbe chaza wangu nimewapika mwenyewe."

"Hukujua, mama."

Mjane aliitazama sufuria. "Marehemu ndivyo alivyonifundisha. Nikiiacha sufuria, nimebaki na nini chake?"

"Umebaki na kamba. Zishushe penye kina. Maji ya chini bado yana baridi. Kome wakwangue kwa kisu, huku nchi kavu. Wala usiwatupe baharini, utakuwa umewapanda upya. Waanike mbali na maji mpaka wakauke kabisa."

"Watakwisha?"

"Hawatakwisha. Watapungua, ukiwakwangua kila mara."

Mjane alizishusha kamba. Kila mara alizivuta nchi kavu, akakwangua peke yake, vidole vikachubuka, na kome wote akawaanika juani nyuma ya nyumba.

Msimu uliofuata afisa alirudi, wakavuta kamba pamoja. Kome walikuwa wachache. Chaza walikuwa wazima, wamenona.

"Niambie kweli," mjane alisema. "Njia ya marehemu ilikuwa mbaya?"

"Ilikuwa nzuri, mama. Kwa bahari aliyoijua yeye."

Mjane aliigeuza sufuria kifudifudi kando ya mlango. Kisha aliingia jikoni na afisa, akamimina chai katika vikombe viwili. Alisimama, mkono juu ya kile cha pili.

"Karibu chai, mwanangu," alisema, akakisogeza upande wa pili wa meza.