Kalamu ya Kijani

"Mungu wangu! Huu mwandiko…"

Injinia alisema peke yake. Ofisa wa uhamiaji alikuwa ametoka mara moja kupokea simu ya bosi wake, na faili akaliacha wazi mezani. Lilikuwa faili la Injinia mwenyewe, picha yake ya pasipoti imebandikwa kwenye jalada, na ndani kuna karatasi zaidi ya mia, zote za wino wa kijani.

*Jumatatu. Ametoka saa mbili kasoro. Amekwenda kituo cha maji. Amekula peke yake. Amempigia dada yake simu, amelia kidogo.*

Mwandiko ulikuwa wa dereva wake, mwanaume ambaye baada ya wiki tatu angekuwa mume wake. Na kalamu ya kijani? Injinia ndiye aliyemnunulia! Kila Ijumaa dereva aliketi mezani kwake, eti anajaza kitabu cha safari, na Injinia wa watu anamletea chai na mto wa kuegemea. Jamani, kuna watu wana moyo!

Ofisa aliporudi, alilifunga faili haraka bila kumwangalia.

"Kibali chako cha ndoa kimebaki hatua moja. Kesho saa nne nakuja kukagua unapoishi. Nitakuwa na maswali mawili matatu."

"Karibu," alijibu, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

Akiwa kwenye ngazi alimwandikia dada yake: *Dada, kumbe ananipeleleza. Miaka miwili!*

*NANI?*

*Shemeji yako.*

*Panda ndege leo hii. Nguo utanunua huku!*

Mji ule ulikuwa na mto katikati, daraja moja, na serikali mbili zisizosalimiana. Mgeni aliyeajiriwa upande huu akikutwa upande wa pili, anaondolewa nchini, na aliyemvusha anakwenda jela. Injinia alikuja kutengeneza mitambo ya maji. Siasa haimhusu, ndivyo alivyojidanganya.

Dereva alishuka kumfungulia mlango wa gari, meno yote nje.

"Vipi mpenzi, wametoa?"

"Una mwandiko mzuri. Hasa kwa wino wa kijani."

Tabasamu likakatika. Hakuuliza wino gani, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Ingia ndani kwanza. Hapa kuna masikio."

"Masikio? Masikio si ni wewe!"

Aliingia, akaubamiza mlango mpaka kioo kikatikisika.

"Nisikilize," dereva alisema. "Kila mgeni hapa ana mtu wa kumwandika. Mpishi, bawabu, dereva. Sisi tuliozaliwa hapa tunalijua hilo tangu utotoni. Ningekataa, wangekupa dereva mwingine."

"Kwa hiyo umenipenda kwa amri?"

"Kuandika ndiyo amri. Kukupenda nimeongeza mwenyewe."

"Usinichekeshe! Mwezi wangu wa tatu walikuja wakachukua kompyuta yangu. Nani aliwaambia nina ramani za mabomba?"

Dereva alishika usukani wa gari ambalo hata hajaliwasha.

"Ni mimi. Miezi ile niliandika kweli tupu. Nilikuwa sijakujua bado. Nisamehe."

Injinia alitegemea akane. Alikuwa tayari kupigana na uongo, lakini ukweli ulimkuta mikono mitupu. Alilia kwa sauti, na dereva hakuthubutu kumgusa.

"Na tarehe kumi na nne?" aliuliza baadaye, akijifuta kwa kilemba chake. "Nayo uliwaandikia?"

Tarehe kumi na nne walivuka daraja, pampu wameificha chini ya kiti. Hospitali ya watoto upande wa pili ilikuwa inatumia maji ya tope. Injinia alifunga pampu ile kwa mikono yake mpaka maji yakatoka safi, na dereva akamshikia tochi na spana.

"Hukuisoma?"

"Sikufika huko."

"Nimeandika hukutoka siku hiyo. Ulishinda unafua mapazia."

Injinia akamkodolea macho.

"Mapazia? Mimi? Madirisha yangu si nimebandika magazeti!"

"Najua."

"Na kesho saa nne ofisa anakuja kukagua!"

Sasa ikawa zamu ya dereva kubadilika rangi.

"Wewe watakurudisha kwenu tu. Ndani nitaingia mimi. Ukitaka kuondoka, nakupeleka uwanja wa ndege sasa hivi. Sitakulaumu."

Simu ya Injinia ikalia. *Umepata tiketi?* Aliisoma, akaizima.

"Nipeleke nyumbani."

"Umenisamehe?"

"Nimesema nyumbani. Endesha."

Asubuhi, saa mbili kamili, mlango uligongwa. Alikuwa mama wa dereva, na furushi kwapani.

"Mkwe wangu, mapazia yako haya hapa. Nimeyafua mara mbili yasionekane mapya."

"Mama! Na wewe unajua?"

"Mwanangu, unadhani maneno ya mapazia aliyatunga nani? Yule hata sabuni inapokaa hajui."

Injinia alishtuka, halafu akacheka bila kutaka, machozi yakiwa palepale. Walibandua magazeti, wakatundika mapazia.

Saa nne ofisa aliingia. Akakagua jikoni, akahesabu vitanda, akaangalia mpaka chini ya sinki. Dereva alisimama mlangoni, shati limelowa jasho mgongoni. Tangu jana Injinia hakuwa amemwambia neno.

"Tarehe kumi na nne ulikuwa wapi?"

Injinia alimwangalia dereva. Aliikumbuka kompyuta yake. Akakumbuka pia mkono ule ulioshika tochi saa tatu nzima bila kutetemeka, wakati askari wanapita nje.

"Nilikuwa hapahapa. Nafua mapazia."

"Siku nzima?"

"Ofisa, hebu yaone yalivyo marefu."

Ofisa alishika kitambaa, akakinusa. Kisha akagonga muhuri kwenye kibali na kutoka bila kuaga.

Dereva aliteleza ukutani mpaka akakaa sakafuni.

"Leo Ijumaa," Injinia alisema, akichomoa kalamu ya kijani mfukoni mwa dereva. "Ripoti umeshaandika?"

"Bado."

"Basi kaweke chai. Kuanzia leo najiandika mwenyewe."

Akaketi, akaandika, akampa asome.

*Ijumaa. Hakutoka. Amemkasirikia sana dereva wake. Amemsamehe nusu. Nusu iliyobaki atampa akishamuoa, na akirudisha kompyuta.*

"Mpenzi, hii siwezi kuwapelekea!"

"Hiyo ni yako," alisema. "Ya kwao nipe karatasi nyingine. Mama, njoo utuambie, leo nimefua nini?"