Uzi wa Gauni Jeupe

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni Fundi mwenyewe, mshona nguo. Alimsimulia wifi yake, mke wa kaka yake, miaka tisa baada ya mambo yenyewe, asubuhi moja umeme ulipokatika nao wakakaa dukani wakipachika vifungo kwa mkono. Wifi alikuwepo safarini, kwa hiyo mengi aliyajua. Alisimuliwa kwa sababu lilibaki swali moja ambalo ni yeye tu aliyeweza kulijibu.

Yalianza jioni, saa kumi na mbili kasoro. Fundi alikuwa amepiga magoti akitafuta sindano iliyodondoka chini ya cherehani.

"Hodi, shemeji."

Hakuhitaji kuinua macho. Alikuwa Mpima, mpima ardhi, na lile neno shemeji lilimchoma kuliko sindano yoyote.

Miaka miwili nyuma, Mpima alikuja dukani na suruali iliyotoboka mifuko kwa sababu ya vigingi alivyokuwa akitembea navyo mashambani. Fundi akaishona. Baada ya wiki mbili mfuko ukatoboka tena. Ikawa mazoea: Mpima anakaa kwenye kigoda, anasimulia ugomvi wa mipaka ya watu, Fundi anacheka huku mguu ukikanyaga cherehani. Aliweka kando uzi wa kaki usioguswa kwa kazi nyingine. Hakumwambia mtu. Kisha mchana mmoja mdogo wake akamletea chakula dukani. Mara moja tu. Tangu siku ile mifuko ya Mpima haikutoboka tena.

"Nataka kumshtukiza mdogo wako," Mpima alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba cherehani zina masikio. "Jumamosi ya wiki ijayo twende bwawani, tulale siku mbili. Wewe na wifi yako mje pia, mama asije akanitolea macho. Jua likizama, nitamtamkia."

"Utamtamkia nini?"

"Ndoa, shemeji! Au unadhani nitamsomea mipaka ya shamba?"

Alicheka. Fundi naye alicheka.

"Sasa sonara anataka kipimo cha kidole. Mpime akiwa amelala, hata kwa uzi. Asijue chochote."

"Niachie mimi."

Mpima akaondoka akipiga mluzi. Fundi akabaki amesimama katikati ya duka. Mdogo wake ana vidole vyembamba, laini, havijawahi kuchomwa na sindano. Yeye vyake ni vinene, vya kazi. Akautazama mkono wake wa kushoto kwa muda mrefu.

Halafu akafikiri jambo la kijinga. Alilijua kuwa la kijinga. Alitaka tu iwepo mahali fulani duniani pete iliyotengenezwa kwa kidole chake, imelipiwa na mwanaume yule. Ikimpwaya mdogo wake, ikadondoka mbele ya watu, basi na idondoke.

Akanyoosha mkono kutafuta uzi. Gizagiza lilikuwa limeshaingia. Wa karibu ulikuwa mweupe, ukining'inia kwenye pindo la gauni nyuma ya pazia la kujaribia nguo.

Gauni lile lilikuwa na habari yake. Mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu, karani wa ghala, mwenye sauti nyembamba. Alikuja kushonesha gauni la harusi, na Fundi alipomwuliza bwana harusi ni nani, alijibu bila haya: "Bado hajanitamkia. Shona tu. Gauni likiwa tayari, naye atakuwa tayari." Kila Jumatatu alikuja kulijaribu. Alisimama mbele ya kioo, mkono wa kushoto ameunyoosha mbele kidogo, kama mtu anayesubiri kushikwa. Gauni likakamilika. Mwenyewe akaacha kuja.

Kila nguo dukani ilikuwa na karatasi ya vipimo iliyochanwa vipande viwili, kimoja kimebanwa kwenye nguo, kingine yuko nacho mteja. Bila kile kipande hupewi nguo, hata uwe mama mzazi wa Fundi. Na mama mmoja mzee aliyemfundisha kazi alimwachia katazo moja: "Nguo isiyochukuliwa ina mwenyewe. Usiivae, usiiazime, usichomoe hata uzi." Fundi alidhani ni kwa ajili ya kuepuka ugomvi na wateja.

Akauzungusha ule uzi kwenye kidole chake cha pete. Ulikuwa wa baridi. Akaukata kwa meno.

"Huyu ni wangu," akanong'ona.

Nyuma ya pazia, mfuko wa nailoni uliofunika gauni ukachakarika... kidogo tu. Kama mtu aliyegeuka usingizini.

Dirisha lilikuwa limefungwa.

Akafunga duka haraka. Njiani mdomo wake ulikuwa na ladha ya dawa ya nondo, vile vidonge vyeupe vya kuzuia wadudu wa nguo, na hata alipofika nyumbani akasukutua, haikutoka.

Asubuhi alimpa Mpima uzi, umefungwa fundo pale ncha zilipokutana. Mpima akauweka katikati ya daftari lake la kazi. "Mbona umelowa?" aliuliza.

"Haujalowa."

"Basi ni mikono yangu. Nina wasiwasi, shemeji."

Jumamosi alasiri walifika bwawani. Nyumba ya wageni ilikuwa na vyumba sita, baraza refu, na gati la mbao lililoingia majini hatua kama ishirini. Mpima alimbebea mdogo mtu begi, mwavuli, hata kandambili. Fundi alijibebea lake.

"Mtu anabebewa kandambili!" Wifi alisema. "Mimi kaka yenu siku ya kwanza alinibebesha gunia la mkaa."

"Ulikuwa na nguvu, wifi," mdogo mtu akamjibu.

"Nilikuwa na mapenzi, mwanangu. Nguvu zilikuja baadaye."

Mhudumu aliwapa funguo mbili, mmoja wa Mpima, mwingine wa chumba cha wanawake chenye vitanda vitatu. "Mwenzenu nimeshampelekea pasi," akasema.

"Mwenzetu yupi?" Wifi aliuliza.

"Huyo mrefu. Aliyetangulia. Ameomba pasi ya kunyooshea gauni."

Wifi alijitazama, akawatazama wenzake, akacheka. "Dada, hapa mrefu ni nani? Hao ni wageni wengine."

"Wageni ni nyinyi tu leo," mhudumu alisema, naye hakucheka.

Chumbani pasi ilikuwa juu ya meza. Ilikuwa ya moto. Hewa ilinuka kitambaa kilichopigwa pasi kingali na unyevu, na chini ya harufu hiyo... dawa ya nondo.

Fundi aliketi kitandani. Mdogo wake, ambaye hakujua lolote, alikuwa akichana nywele mbele ya kioo.

"Dada, nikoje?"

"Uko sawa."

"Sawa tu? Jamani, hata siku moja husemi napendeza."

Fundi alitaka kusema. Kwa mara ya kwanza tangu jioni ile dukani alitaka kumwambia mdogo wake kila kitu, na kumwambia warudi nyumbani saa ileile. Ila alipoinua macho aliona shanga mpya shingoni mwa mdogo wake, na akajua zimetoka kwa nani. Kijicho kikamjaa upya. Akageukia begi lake, akaanza kutoa nguo.

Jua lilipogusa ukingo wa maji, Mpima alimshika mdogo mtu mkono wakatembea hadi mwisho wa gati. Fundi na Wifi waliwafuata, wakasimama hatua nne nyuma yao, kama walivyoagizwa. Wifi alikuwa ameshamshika Fundi mkono.

"Anapiga goti! Wifi, anapiga goti!"

Mpima akapiga goti. Akatoa pete. "Nakuomba... uwe mke wangu."

Mdogo mtu alijiziba mdomo kwa viganja vyake vyote viwili. Macho yalimjaa machozi.

"Nimekubali."

Ilikuwa sauti nyembamba. Tulivu. Ya mtu aliyesubiri sana.

Viganja vya mdogo mtu vilikuwa bado mdomoni.

Mpima hakugundua. Machozi yalikuwa yamemfunika macho. Alinyoosha mkono, na Fundi aliona kwa macho yake kwamba hakuunyoosha kwa mdogo wake. Aliunyoosha kando, kushoto, pale pasipo na mtu. Akashika kitu hewani, kwa upole, kama unavyoshika mkono. Akaivisha pete taratibu, akaisukuma hadi mwisho.

Akaachia.

Pete haikuwepo tena.

Hakuna aliyesikia ikidondoka. Si kwenye mbao, si majini.

Wakati uleule kidole cha Fundi kilibanwa pale alipozungusha uzi, kwa nguvu, hadi akauma meno. Akakitazama. Hakikuwa na kitu.

"Imeanguka!" Wifi alisema kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu anayejipa moyo. "Imeteleza majini, jamani, hayo hutokea! Imempwaya!"

"Haijaanguka," Mpima alisema. Bado alikuwa amepiga goti. "Nimemvisha. Imemkaa vizuri kabisa. Ila mkono wake... mbona ulikuwa wa baridi hivyo?"

"Hukunigusa," mdogo mtu akanong'ona.

"Umekubali. Nimekusikia."

"Mimi sijasema kitu."

Mdogo mtu akageuka polepole. Hakumtazama Mpima. Alimtazama Fundi.

"Dada. Umesema nini?"

"Mimi?"

"Sauti imetoka nyuma yangu. Imetoka kwako. Nilijua. Ule uzi wa kaki niliuona, dada. Nilijua, nikasema hapana, dada yangu hawezi. Siku yangu moja tu hii! Hata hii ulitaka uijibu wewe?"

Fundi alifungua mdomo ajitetee. Ulikuwa umejaa ladha ya dawa ya nondo, na hakuweza kuapa. Hadi leo hajaapa.

Waliondoka usiku huohuo. Ubaoni, kutoka mwisho wa gati hadi barazani, kulikuwa na alama pana ya maji, kama ya pindo refu la nguo lililoburutwa. Wifi aliiruka. Mpima aliifuata, taratibu, kichwa ameinamisha upande wa kushoto kama mtu anayesikiliza.

Jumatatu Fundi alifungua duka. Kufuli lilikuwa zima. Nyuma ya pazia mfuko wa nailoni ulining'inia msumarini, mtupu. Juu ya meza ya kukatia kulikuwa na kipande cha karatasi ya vipimo kilicholowa, wino umevuja. Akakichukua kipande chake kilichobaki msumarini, akaviweka pamoja. Kingo zikaingiana.

Nguo ilikuwa imechukuliwa na mwenyewe.

"Kipimo kilikuwa changu," Fundi alimwambia Wifi asubuhi ile ya vifungo, baada ya kuyasema yote. "Uzi ulikuwa wake. Sijui pete ilimjia nani. Lakini wewe ulikuwa umenishika mkono. Niambie ukweli, wifi. Nilisema mimi?"

Wifi aliweka kifungo chini.

"Nilikuwa nakutazama usoni," akasema. "Nilitaka nione utalia au utacheka. Hukufungua mdomo, wifi yangu. Nitasema hivyo mbele ya yeyote." Akakichukua tena kile kifungo. "Lakini ilitoka kwako."

Katika waliohusika, mama yao alifariki bila kuambiwa sababu ya binti zake kutosalimiana. Wifi yu hai, na ndiye anayeisimulia sasa. Mdogo mtu yu hai, aliolewa mji mwingine, na mialiko ya harusi yake haikufika dukani. Fundi yu hai. Bado anashona, ila magauni ya harusi hapokei. Kuhusu mwenye gauni, Fundi na Wifi walikuja kwenda kuuliza habari zake kule ghalani, wakaambiwa alifariki miezi saba kabla ya safari ile ya bwawani, na kwamba ndugu zake walimzika kwa sanda tu, kwa kuwa gauni alilokuwa akilisema halikuonekana.

Mpima naye yu hai. Anaishi peke yake karibu na bwawa, na mezani huweka sahani mbili. Ukimwuliza kwa nini hakuoa, atakwambia ana mke. Kisha atakuomba usikae sana, maana mkewe ana wivu.