Kikombe cha Efeso

Ujumbe uliingia Jumanne, saa ya mapumziko. Spés alikuwa amekaa juu ya boksi tupu katika ghala moja la Louisville, anakula ugali uliopoa.

"Harusi ni Alhamisi. Efeso. Njoo na viatu vya kutembelea."

Hapakuwa na harusi yoyote. Huo ulikuwa mwandiko wa Revokatus, mkuu wake wa kazi, mwenye ofisi isiyo na kibao kule Columbus. Miaka mitatu Spés alipakia maboksi pale ghalani bila mtu kujua kwamba ni jasusi, na amri fupi alizizoea. Hii ilimkata hamu ya kula.

Akapiga simu.

"Florida yuko hai?"

"Mpaka Alhamisi, saa nne asubuhi ya Buffalo."

Florida alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Kazi yake ilikuwa kuchambua mitumba huko Buffalo. Wiki iliyopita alifungua robota moja akakuta AK-47 kumi na mbili zimelala kati ya makoti ya watoto. Akazipiga picha, akamtumia dada yake. Saa moja baadaye hakuonekana tena.

Mzigo ulikuwa wa Gakwaya, muuza silaha ambaye hakuna idara duniani iliyokuwa na picha yake. Kontena lingeondoka Alhamisi saa nne. Likishaondoka, Florida hana kazi tena kwao.

"Dereva wa Gakwaya amemgeuka bosi wake," Revokatus alisema. "Anaitwa Sylveri. Murundi mwenzako, amekulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, kule Kigoma, kama wewe. Nyumba alimofungiwa Florida anaijua. Hataki simu. Atasema ana kwa ana, katikati ya watalii. Mchukue mumeo."

Mumeo alikuwa mume kweli. Zéphyrin, mtu wa Bukavu, jasusi kama yeye. Walifunga ndoa mwezi wa nne mwaka huo, 2015, na fungate hawakuwahi kuipata.

Wakaipata sasa. Fungate ya muda wa saa mbili na nusu.

*

Efeso, Alhamisi, saa nane na nusu mchana. Jua lilichoma mawe ya mji huo wa kale wa Wayunani hadi yakaunguza nyayo. Waliingia na basi la watalii, Spés na kofia pana, Zéphyrin na fulana iliyoandikwa Kentucky. Walitazama nguzo za maktaba. Walikaa kwenye ngazi za ule ukumbi mkubwa ambamo watu walipiga kelele saa mbili nzima kumpinga Mtume Paulo. Lakini kilichomfurahisha Zéphyrin ni vyoo vya marumaru, matundu yamepangwa bega kwa bega bila ukuta.

"Bon, chérie, ikala pale nikupige picha."

"Kwenye choo?"

"Batu ya kanisa bataomba picha. Donc tubapelekee ya muzuri."

Spés alicheka, na moyo ukamsuta papo hapo kwa kucheka. Saa nne ya Buffalo ni saa kumi na moja ya Efeso; saa moja tu ilibaki.

Nyuma yao, mwanamume mwenye kamera ya Nikon shingoni alikuwa akipiga picha nguzo ileile kwa mara ya tano.

"Yule anatufuata," Spés alinong'ona.

"Nilishamuona."

Saa kumi na nusu, kwenye uchochoro nyuma ya ukumbi, mtu mwembamba wa miaka hamsini aliwasogelea. Mkononi alikuwa na vikombe viwili vya juisi ya komamanga, na gazeti kwapani.

"Harusi ilisogezwa?" aliuliza.

"Bibi harusi hana viatu," Spés akajibu.

Maneno yalikuwa sahihi. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha Kigoma kabisa.

"Karibuni, dada, shemeji. Mimi Sylveri. Joto hili litawaua. Kunyweni kwanza, halafu tuzungumze."

Zéphyrin, koo limekauka, akainua kikombe.

"Subiri," Spés akasema.

Kwao Warundi, mwenyeji hampi mgeni kinywaji kabla hajapiga funda moja mbele ya macho yake. Ndiyo namna ya kumwambia: sumu hakuna, kunywa kwa amani. Pale Mtabila walikosa chumvi, walikosa sabuni, hilo hawakulikosa. Mama yake Spés alionja hata maji ya mtungi.

"Kaka," alisema kwa tabasamu, "onja basi."

"Mimi nimeshakunywa, dada. Hiyo ni yenu."

Akacheka.

Murundi wa Mtabila angekufa kwa aibu. Huyu alicheka!

Spés alikitua kikombe chake juu ya jiwe, taratibu, kisimwagike. Kisha akakipiga teke kile cha mumewe.

"Lala!"

Risasi ilipita bila mlio. Bastola yenye kiwambo cha kuzuia sauti ilikuwa imetoka chini ya gazeti la yule mwembamba. Damu ikaruka begani kwa Zéphyrin. Wakati huohuo mtu wa Nikon akamrukia kwa kisu, wakabingirika pamoja, wakadondokea upande wa pili wa ukuta.

Spés alikuwa na fimbo ya selfie. Watalii wote wanazo. Yake ilikuwa ya chuma, na kwenye mpini ilikuwa na umeme wa kumwangusha ng'ombe.

Pigo la kwanza lilivunja kifundo cha mkono. Bastola ikaangukia marumaru. La pili likang'oa meno mawili. La tatu lilikuwa la umeme, shingoni. Akaanguka akitapatapa.

Upande wa pili wa ukuta mtu alipiga yowe. Likakatika.

"Zéphyrin!"

"Niko." Alipanda ukuta, damu inamchuruzika hadi kwenye vidole, uso umemsawijika. "Ule wa Nikon amekwisha. Lakini Spés... kuko mutu mwingine huku chini. Bamekata shingo. Paka iko inamulamba. Nafikiri ndiye Sylveri wa kweli."

Spés akamgeukia yule wa chini. Mtu mmoja tu, yule asiye na picha popote, angethubutu kuja na uso wake.

"Gakwaya," alisema.

Mtu yule akatema damu. Hakukana.

Saa kumi na dakika arobaini na nne.

"Nyumba iko wapi?"

"Grant Street. Juu ya duka la kutuma pesa."

Spés akagusa hereni yake, iliyoficha redio. "Olivier, umesikia?"

Sauti ya mwenzao wa kazi ilitoka Buffalo, karibu kama mtu wa jirani. "Nimesikia. Niko hapohapo. Juu anakaa Mama Adolphine na wajukuu zake. Hana mateka, ana chapati."

Spés hakupiga kelele. Alichukua kikombe kutoka juu ya jiwe, akamkalia Gakwaya kifuani, akambana pua.

"Sisi kwetu mwenyeji huonja," alisema. "Ulisahau kwenye mahoteli yako. Leo nakukumbusha."

Juisi ikagusa midomo iliyochanika. Macho yakamtoka.

"Bailey! Bailey Avenue! Nyumba ya njano nyuma ya kinyozi! Chini, chumba cha chini!"

"Olivier?"

"Dakika kumi na moja, nikipita taa nyekundu zote."

Zilikuwa dakika ndefu kuliko miaka yake yote ya kambini. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa. Kikombe hakukiondoa mdomoni mwa Gakwaya.

Ndani ya hereni injini ilinguruma. Breki zikalia. Mlango ukavunjika. Risasi mbili, mtu akalia. Risasi nne. Kimya.

"Olivier!"

"Wawili nimewaangusha," Olivier akahema. "Kontena limezuiwa. Kuna mtu anakutaka."

"Dada?"

Spés akaibana hereni sikioni.

"Florida! Wamekuumiza?"

"Asubuhi hii wameniletea chai yenye maziwa. Nzuri, na nilikuwa na njaa. Sikuinywa, dada. Hakuonja hata mmoja."

*

Walimwacha Gakwaya amefungwa kwenye nguzo, na askari wa Revokatus wa pale wakiwa njiani. Kikombe Spés alikimwaga juu ya mawe makavu. Akavaa kofia yake.

Langoni, Zéphyrin, bega limefungwa kwa kitambaa cha mkewe, alinunua Fanta moja. Aliifungua mbele yake. Akapiga funda moja, akameza, akamtazama.

Ndipo akampa.

Spés akainywa yote, wakapanda basi.