Mchumba Wangu Aliitoa Kompyuta Yangu Matumbo

Naitwa Mwende, nina miaka thelathini na mmoja, naishi mtaa wa Mowlem, Nairobi, na mamangu, na kazi yangu ni kupiga video za harusi na mazishi. Ninayoandika hapa bado yananiuma... lakini naandika, maana najua kuna dada mwingine anayeelekea palepale.

Laptopu yangu ilikuwa imechoka. Nikaamua kuunda kompyuta ya kuhariri video, na kila kifaa nilikichagua mwenyewe. Prosesa yenye nguvu. Memori ya kutosha. Kadi ya grafiki mpya, ndani ya boksi lake. Kasha la vioo na mataa nililiacha, nikanunua diski mbili, moja ya kazi na nyingine ya nakala. Video ya mazishi ikipotea, utamwambia nani azikwe tena?

Mchumba wangu, Krisi, alikuwa na duka la kutengeneza simu na kompyuta kule Kariobangi. Wazazi wake walikuwa wameshafika kwetu kuniposa. Alisema nisimpe fundi mwingine, ataiunganisha yeye. Ningemkataliaje?

Mashine ilirudi ikimetameta taa za buluu. Akasema hizo ni zawadi yake. Mama akaiwekea mikono, akaiombea. Mimi nikalia kwa furaha... mjinga mimi!

Haikukawia kuanza kukwama. Video inakatika, feni inanguruma, harufu ya kuungua inajaa chumba. Nikimweleza Krisi, ananiambia sijui kuitumia. Alilirudia hilo hadi nikawa namwomba msamaha!

Kisha jirani yetu, Mama Baraka, akaugua. Mwanawe wa pekee, Baraka, alikuwa kazini Uarabuni, hakupewa ruhusa ya kuja. Mamangu akaniomba nimrekodi mgonjwa. Mama Baraka alijifunga kitambaa kizuri kichwani, akaketi kitandani, akaongea na mwanawe kana kwamba yuko mbele yake.

Niliiweka video hiyo kwenye diski zote mbili, nikaifuta kwenye kamera ili niende kazi nyingine. Mama Baraka akafariki kabla sijamaliza kuihariri. Wiki hiyohiyo mashine ikazima, ikakataa kuwaka.

Sikuogopa sana. Si nakala ipo? Nikachukua bisibisi nitoe diski ya pili.

Diski ya pili haikuwepo! Ndani mlikuwa na moja tu, kuukuu, imekwaruzwakwaruzwa, aliyoigawa Krisi ili kwenye skrini zionekane mbili. Na hiyo moja ilikuwa imekufa. Kadi ya grafiki ilikuwa imegandwa na mafuta na masizi kama sufuria ya mandazi, na ndani ya feni yake kulikuwa na mende waliokauka pamoja na mayai yao.

Mchana huo nilienda Kariobangi. Nyuma ya pazia la duka nikaikuta kompyuta nyingine, ubavu wazi, vifaa vyangu vyote vikifanya kazi. Kwenye skrini alikuwa anahariri harusi ya dada mmoja, mteja wangu, aliyeniambia ameiahirisha! Krisi alikuwa anakula mutura, ule utumbo wa kuchoma uliojazwa nyama na damu. Hakuacha kutafuna.

"Mwende, kazi zako ni za kanisa tu," alisema. "Mashine kama hii ungeifanyia nini? Na tukioana, si vyote ni vyetu?"

Akashika mausi kwa vidole vilevile vya mafuta. Mikono hiyo ndiyo iliyokuwa inanishika mimi! Nilivua pete nikaiacha mezani, nikachomoa nyaya, nikaibeba ile kompyuta hadi nje. Wenye maduka jirani waliposikia kisa, hakuna aliyenizuia.

Mama alinisihi nimsamehe, eti mwanaume haachwi kwa sababu ya vyuma. Vyuma?

Baraka aliporuhusiwa kuja kuzika, alifika kwetu kuulizia video. Nilimwambia ukweli wote.

"Basi mama alisema nini?" akauliza.

Nikamwambia niliyoyakumbuka. Kwamba alimwita Kababa, jina la kumdekeza. Kwamba alimkataza kujilaumu. Kwamba alicheka katikati, akasahau alichokuwa anasema. Akaniomba nirudie, nikarudia. Akaniuliza sauti yake ilikuwaje... nikajaribu kuiiga, nikashindwa.

Ndugu msomaji, ukiundiwa mashine, keti hapo hadi skrubu ya mwisho, hata kama fundi ni mchumba, ni ndugu, ni mchungaji. Akikasirika kwamba unamwangalia, beba maboksi yako uende. Na akianza kukuambia kwamba wewe ndiwe usiyejua... tafadhali, usimwombe msamaha. Fungua uangalie ndani!