Ujumbe wa Bab Jedid

Zilibaki siku mbili Ramadhani iingie, na Soko Kuu la Tunis lilikuwa halina pa kutia mguu. Upande wa samaki barafu ilikuwa ikiyeyuka hadi kwenye viatu vya watu. Olfa, koti lake la rangi ya zabibu limeshalowa pindo na nywele amezibana kwa kalamu, alikwama nyuma ya mwanamume mrefu aliyevaa ovaroli ya buluu.

“Kaka, naomba nipite.”

Yule mwanamume aliendelea kugeuza ngisi mmoja mmoja kama anayechagua pete ya uchumba.

“Kaka! Njia, tafadhali!”

Hakusogea.

“Wewe bwana, umeziba masikio?”

Muuza samaki akaangua kicheko. “Binti, utapasua koo bure. Huyo hasikii kweli.”

Olfa alitamani ajifukie kwenye barafu. Mwanamume aligeuka, akawaona watu wanacheka, akatoa simu na kuandika: “Wanacheka nini?”

Olfa aliipokea ile simu, akaandika: “Nimesema samahani.”

“Hakuna anayecheka hivyo kwa samahani.”

Olfa akashusha pumzi, akaandika ukweli. “Nimekuuliza kama umeziba masikio.”

Mwanamume alicheka kwa sauti kubwa hata muuza samaki akanyamaza. Kisha akaandika: “Ndiyo, tangu nikiwa na miaka mitatu. Naitwa Wajdi. Chukua hawa ngisi, ndio wazuri.”

Walitoka pamoja. Kwenye meza ya mkahawa uliokuwa nje ya soko, simu ikienda na kurudi kati ya vikombe viwili vya kahawa, Olfa alijua kwamba Wajdi ni fundi wa makochi na viti huko Bab Jedid, kwamba binamu yake alimtengenezea tovuti, na kwamba tovuti ile ilikuwa inamkosesha usingizi. Wateja waliandika asubuhi, yeye akaona jioni, wakawa wameshakwenda kwingine. Wengine walipiga simu, ikaita hadi ikachoka.

“Mimi kazi yangu ni tovuti,” Olfa aliandika. “Nitakuwekea dirisha la gumzo. Sasa hivi mteja ni kama anatia barua chini ya mlango wako. Mimi nitauacha mlango wazi. Akiandika, unaona papo hapo. Ukijibu, anaona papo hapo.”

“Na wezi?”

“Mwizi gani atabeba kochi?”

Kazi ilichukua wiki tatu. Olfa aliifanya ofisini kwao, mtaa wa Lafayette, saa za mapumziko, na kila alipomaliza kipande alikijaribu na Wajdi aliyekuwa karakana.

“Jaribio la kwanza,” aliandika.

Chini ya dirisha yakatokea maneno: Wajdi anaandika… Moyo wake ukaruka, naye akaukaripia.

“Nimekuona, bibi mhandisi. Jaribio la pili lini?”

“Hili hapa. Umefuturu nini jana?”

“Hilo nalo ni jaribio?”

“Ni jaribio gumu sana. Jibu.”

“Supu na sambusa ya briki. Yai lilinimwagikia shatini. Ungekuwepo ungecheka.”

“Ningekuwepo ungekula kwa adabu.”

Wateja walikuja. Mama mmoja wa Bizerte aliagiza viti sita, akabishana na Wajdi kuhusu rangi ya kitambaa kwa saa nzima, na Wajdi akamwandikia Olfa kwa furaha: “Mara ya kwanza maishani nimegombana na mteja mpaka tukaelewana!”

Lakini wawili hao hawakuacha majaribio. Olfa alimuuliza siku moja kwa nini wasitumie simu tu kama watu wengine. “Tukihamia kwenye simu,” Wajdi alijibu, “tutajuaje kama kazi yako bado ni nzima, laazizi?” Neno lile la mwisho Olfa alilisoma mara kumi.

Kila Jumamosi walishuka ufukweni La Goulette kwa treni. Wajdi, shati jeupe, ua la yasmini sikioni, alimfundisha kusema kwa mikono: bahari, njaa, muongo, mpenzi. Olfa alikosea makusudi ili Wajdi amshike vidole na kuvirekebisha.

Ndipo ikaja barua ya kazi kutoka Nantes. Mkataba wa mwaka mmoja, kazi aliyoiomba kabla hajamjua Wajdi. Olfa alikaa nayo siku nne bila kumwambia mtu. Siku ya tano, mvua ikiupiga mji tangu alfajiri, aliandika kwenye dirisha lile:

“Wajdi, nimepata kazi Ufaransa. Sijui kama naitaka. Ukiniambia nibaki, nitabaki.”

Pembeni ikawaka alama aliyoitengeneza mwenyewe: Imesomwa.

Akangoja. Maneno yale, anaandika, hayakutokea. Saa sita ikapita, saa nane ikapita, akafunga kompyuta, akaenda nyumbani. Kesho yake asubuhi simu yake ikalia. Ni Wajdi.

“Mtandao unanisumbua huku, nakuandikia simuni. Viti vya Bizerte vimekwisha! Njoo uvione, vimependeza mno.”

Olfa aliyasoma maneno hayo akiwa amesimama ngazini. Kwa hiyo hilo ndilo jibu. Amemfungulia moyo, naye anamwambia habari za viti. Akaandika: “Mungu akubarikie viti vyako,” kisha akalifungia jina lake simuni.

Wajdi hakuelewa. Alimwandikia tena na tena, hakuna kilichokwenda. Siku ya tatu alivaa shati lake jeupe akaenda Lafayette. Hatem, aliyefanya kazi meza moja na Olfa, alimwandikia kwenye karatasi: “Hujui? Amechukua likizo. Anahamia Nantes wiki ijayo.”

Wajdi aliikunja karatasi ile ndogo, ndogo kabisa. Alirudi Bab Jedid kwa miguu. Alijiambia: nimeelewa. Mwanamke akitaka kumwacha kiziwi hana haja hata ya kuaga.

Nantes ilikuwa na mvua nyembamba isiyokwisha. Olfa alikodi chumba, akanunua koti zito, akajifunza njia ya kwenda kazini. Kila mtu alimsifu. Lakini akiwa dukani, mbele ya watu, mikono yake ilisema yenyewe njaa, bahari. Mara ngapi alishika simu ampigie, kisha akakumbuka kwamba anayetaka kumpigia ni mtu asiyesikia, na kwamba hata angesikia asingejua amwambie nini. Alimtamani hadi harufu ya gundi na pamba ya karakana yake.

Mwezi wake wa nne huko, adhuhuri, Hatem alipiga simu.

“Olfa, samahani, lile dirisha lako la gumzo. Kuna mteja wa yule fundi wako analalamika hapa ofisini. Aliandika, ikaonyesha imesomwa, na fundi anaapa hakuona kitu. Mtandao wake ulikuwa umekatika siku hiyo.”

“Haiwezekani. Kama umekatika, alama haiwaki.”

“Imewaka, dada yangu. Angalia mwenyewe.”

Aliufungua msimbo wake. Hakuchukua hata dakika kumi. Alama ilikuwa ikiwaka mara tu seva ilipoupokea ujumbe. Upande wa pili ukiwa umekatika, ujumbe ulipotea njiani, na alama ikawaka vilevile. Yeye na Wajdi walikuwa wamekaa na madirisha wazi kila siku, wakijibizana kama kasuku, hakuna aliyewahi kugundua.

Akatafuta kwenye kumbukumbu za seva siku ile ya mvua. Karakana ya Bab Jedid: imekatika tangu saa tatu asubuhi. Ujumbe wake ulikuwa wa saa tano.

Olfa alifunika uso kwa mikono. Kisha akarekebisha kosa, kwa sababu wateja walikuwa wanaumia, halafu akaomba ruhusa ya siku nne na kununua tiketi.

Alimkuta Wajdi karakana Ijumaa mchana, amempa mgongo, anapigilia kitambaa cha kijani. Olfa alipiga mguu mara mbili kwenye sakafu ya mbao. Wajdi alihisi mtikisiko, akageuka. Nyundo ikabaki hewani.

Kwa mikono yake isiyo na ufasaha Olfa alimweleza yote: mvua, ujumbe, alama ya uongo. Aliurudia ule ujumbe neno kwa neno. Ukiniambia nibaki, nitabaki.

Wajdi hakutabasamu. Mikono yake ilikwenda kasi, ikabidi arudie polepole ili Olfa amwelewe.

“Miezi minne! Umengoja jibu kwa mashine. Mimi niko dakika ishirini kwa miguu kutoka ofisini kwako. Kwa nini hukuja?”

“Niliogopa utaniambia niende.”

“Nami nilidhani unaona haya kuwa nami. Hata mama yako hujawahi kumwambia kama nipo.”

Hilo lilikuwa kweli, nalo lilimchoma. Olfa akatoa simu, akampigia mama yake huku Wajdi akitazama midomo yake.

“Mama, niko Tunis.”

“Tunis! Nani kafa?”

“Hakuna aliyekufa. Jumapili nakuja na mtu. Mwanamume. Anaitwa Wajdi, ni fundi wa makochi, na hasikii.”

“Hasikii kabisa?”

“Kabisa.”

“Na wewe tangu nikuzae umewahi kunisikia? Mtafaana. Anakula pilipili?”

Olfa alicheka huku machozi yanamtoka, akamtafsiria. Wajdi akaiweka nyundo chini.

“Sikuambii ubaki,” alisema kwa mikono. “Malizia mwaka wako. Lakini nenda ukiwa mchumba wangu, mboni yangu.”

Jumapili sebule ya Mama Zohra, mama yake Olfa, ilijaa mashangazi, harufu ya kuskusi ya kondoo na udi. Mjomba mkubwa aliinua mikono, Fatiha ya uchumba ikasomwa. Kisha, kwa kuwa hakujua namna nyingine, akainama mbele ya Wajdi na kupaza sauti kama anayeita mtu ng’ambo ya mto:

“Mwanangu! Unamtaka binti yetu kwa moyo wako?”

Olfa alinyanyua mikono ili amjibie. Wajdi akaishusha taratibu. Alimtazama mjomba midomoni, akavuta pumzi, na kwa sauti nzito, isiyo sawa, ambayo Olfa hakuwahi kuisikia ikitamka neno hata moja, akasema:

“Namtaka.”