Upande wa Pili wa Santuri ya Nne

Hakuwa na mke. Hakuwa na mtoto, wala mtu wa kumuuliza leo amekula nini. Hakuwa na magego ya upande wa kushoto. Hakuwa na televisheni yake mwenyewe, ingawa za watu zilijaa dukani mwake mpaka mlangoni. Meza yake ya kazi haikuwa na mguu wa nne, ilikuwa na matofali. Na katika santuri nne ndogo alizowahi kurekodi maishani mwake, ya nne hakuwa nayo.

Hiyo ya nne ndiyo aliyoulizwa kwenye simu asubuhi ile, chuma cha kulehemu kikiwa mkononi na simu kaibana kwa bega.

“Mzee Waya?”

Fundi alishtuka. Miaka thelathini na moja ilikuwa imepita bila mtu kumwita jina hilo. Mtaani alikuwa Fundi, basi.

“Nani mwenzangu?”

“Mimi natoka kampuni ya santuri. Tunataka kuzitoa upya nyimbo zenu za mwanzo, za Soketi Mbili. Zote nane kwenye sahani moja. Watu wanazitafuta sana siku hizi, mzee.”

“Walizicheka wakati ule, dada yangu.”

“Waliozicheka wamezeeka.”

Fundi akacheka, akaweka chuma chini. Soketi Mbili ilikuwa bendi ya watu wawili tu: yeye Waya, kwenye vinanda vya umeme na mashine ya midundo, na mwimbaji aliyeitwa Swichi. Gitaa hawakuwa nalo, ngoma hawakuwa nazo. Kila sauti waliitengeneza kwa kuzungusha vifundo. Umeme ukikatika, bendi imekwisha. Watu waliwauliza ukumbini, “Hii ni bendi au pasi?” Lakini walipendana, na walikuwa wamekubaliana kuoana santuri ya nne ikitoka. Santuri ilitoka. Ndoa haikuwepo.

“Kuna mambo mawili,” dada wa kampuni akaendelea. “Mkanda mliorekodia upande wa pili wa santuri ya nne umeoza, tunahitaji nakala safi. Halafu tunahitaji saini zenu wote wawili kwenye fomu ya watunzi. Swichi tumempata. Nakala anayo, ila hataki kuitoa, na saini hataki kutia.”

“Kisa?”

“Amesema tukuulize wewe.”

“Yuko wapi?”

“Ni mkutubi, maktaba ya mji. Alihamishiwa hapo mwaka juzi.”

Fundi alikaa. Maktaba ile aliipita kila Jumamosi akienda kununua vipuri.

“Asipotia saini mpaka Ijumaa, mzee, tutatoa zile nne za upande wa kwanza pekee. Hizo hata yeye anakubali ni zako mwenyewe, saini yako inatosha. Za upande wa pili tutaziacha.”

Kila santuri ilikuwa na nyimbo mbili: upande wa kwanza wimbo wa kupigwa redioni, upande wa pili wimbo wa kujazia nafasi. Fundi alijiambia kwamba nne zake zingetosha kabisa. Alijiambia hivyo kutwa nzima. Kesho yake akavaa shati la kola, akaenda maktaba.

“Namtafuta Swichi,” alimwambia mlinzi.

“Ziko nyuma ya mlango pale, fundi. Ile ya feni ndiyo mbovu.”

“Namtafuta mtu. Mama mkutubi.”

“Sasa si ungesema mama mkutubi!”

Alikuwa nyuma ya kaunta, nywele fupi nyeupe, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, akigonga mhuri wa tarehe kwenye vitabu. Hakuinua kichwa.

“Swichi.”

“Hapa tunanong'ona.”

“Sijapaza sauti.”

“Umepaza sauti tangu nikujue.” Akagonga mhuri mwingine. “Karibu, Waya. Umekonda.”

“Nimekuja kwa ajili ya fomu.”

“Nimeiona. Wameinakili kutoka kwenye santuri vile vile. Mtunzi Waya, mtunzi Waya, mara nane. Nani alipeleka majina kwa mchapaji wa santuri?”

“Mimi. Vinanda vilikuwa vyangu. Midundo yangu.”

“Na maneno?”

“Maneno ya upande wa kwanza...”

“Ya upande wa kwanza ni yako, sikatai. Nauliza ya upande wa pili.”

Bwana mmoja aliyekuwa akisoma gazeti aliwatazama juu ya miwani. Wakanyamaza kama wanafunzi waliofumwa. Bwana aliporudi kwenye gazeti lake, Fundi akainama juu ya kaunta.

“Wewe ndiye uliyeondoka,” alinong'ona. “Uliingia kwenye gari la meneja wa ukumbi na begi lako. Nilikuona kwa macho yangu.”

“Alinipeleka kwa mama yangu. Mkewe alikaa mbele.” Kisha akamwangalia vizuri. “Ngoja. Miaka yote hii ulidhani niliondoka kwa sababu ya gari?”

Fundi alinyoosha kola ya shati lake.

“Waya! Lile gari lilikuwa halina kioo cha nyuma!” Alicheka bila kutoa sauti, mabega yakitikisika, mpaka akafuta macho. Halafu kicheko kikaisha. “Niliolewa baadaye, na mtu mwingine kabisa. Mwalimu. Mtu mwema. Ana miaka sita kaburini.”

“Pole sana.”

“Ahsante.”

“Basi uliondoka kwa nini?”

“Ulisema neno moja.”

“Neno gani?”

“Hulikumbuki?”

“Ningelikumbuka nisingeuliza.”

“Santuri ya nne uliisikiliza?”

“Upande wa kwanza. Siku ile ile tuliporekodi.”

“Na wa pili?”

Hapo Fundi aliona haya. Boksi la santuri lilipofika kutoka kwa mchapaji, Swichi alikuwa ameshaondoka. Kwa hasira alilifunga kamba tena, akalipeleka lote kwa mwenye duka la santuri, hakubakiza hata moja. Aliwaambia watu kuwa mwanamke yule hana thamani ya kusikilizwa. Sasa alimwambia mwenyewe, kwa sauti ndogo kuliko hata maktaba ilivyotaka:

“Sijawahi kuisikia.”

Mkutubi aliacha mhuri hewani.

“Kesho tunafunga mchana,” alisema hatimaye. “Njoo saa nane. Tuna mashine ya santuri chumba cha nyuma, ila inavuta sauti. Njoo na vifaa vyako. Na niachie namba yako ya simu.”

Jioni ujumbe uliingia: “Ni mimi. Mkanda wa ile mashine ni mwembamba. Usije na wa cherehani.”

Akajibu upesi: “Naijua kazi yangu.”

Aliutazama ujumbe wake mwenyewe kwa muda. Kisha akaandika mwingine: “Ahsante kwa kuniambia.”

Saa nane alikuwa chumba cha nyuma, amepiga magoti mbele ya mashine. Alibadilisha mkanda, akasafisha sindano kwa brashi, akaisawazisha sahani yake mpaka ikazunguka bila kuyumba. Mkutubi alisimama mlangoni na bahasha ya karatasi kifuani. Ndani mlikuwa na santuri ya nne, safi kama imetoka kwa mchapaji jana.

“Mikono yako bado ni mizuri ikishika kazi,” alisema.

“Na mdomo?”

“Weka sindano, Waya.”

Sindano ikagusa. Ikakwaruza kidogo. Kabla ya muziki wowote, ikasikika sauti ya kijana wa kiume, karibu kabisa, yenye kujiamini:

“Muda umebaki kiduchu. Hayo makombo malizia wewe.”

Hatua za viatu. Mlango ukafungwa kwa kishindo.

Na mlango ule ndio uliokuwa pigo la kwanza. Mashine ya midundo ililifuata palepale, bila kukosea hata chembe, kisha kinanda kikaingia, kikipigwa kwa kidole kimoja kama mtu anayejifunza, kisha sauti ya Swichi akiwa na miaka ishirini na mitano:

*Kilichobaki mezani, kimefunikwa sahani,*
*Ukirudi una njaa, usiulize cha nani.*

Fundi alibaki amepiga magoti. Wimbo ulikuwa wa dakika tatu. Haukuwa na tusi hata moja, wala lawama. Ulipoisha aliiacha sindano izunguke tupu.

“Ile sauti ni yangu.”

“Yako.”

“Nilisema makombo.”

“Fundi mitambo wa studio alikuwa ameshawasha mkanda. Akaniuliza, nifute? Nikamwambia acha, anzia hapo.”

“Nilikuwa nawahi zamu kazini, Swichi. Ulimi uliteleza.”

“Na mimi nilijiambia hivyo. Ndiyo maana niliimba vile, umesikia mwenyewe. Nilikuwa bado nakungoja. Halafu karatasi za mchapaji zikaja, nikaona jina lako pande zote mbili. Nikajua ulimi haukuteleza.”

“Ungeniambia!”

“Nilikuambia,” alisema taratibu. “Tena kwa nakala mia tano.”

Fundi aliinyanyua sindano, akairudisha mwanzo, akasikiliza tena, kishindo cha mlango na yote. Halafu akatoa simu mfukoni, akaipiga namba ya kampuni mbele yake.

“Dada, ni Waya. Zitoke zote nane, au isitoke hata moja.”

“Lakini mzee, yule mama...”

“Za upande wa pili ni zake. Andikeni jina lake.”

“Sawa. Ila jina hatubadilishi kwa simu, mtuandikie barua. Na santuri ya nne mmeipata? Ni safi?”

“Safi. Inaanza na mtu anayesema ovyo, halafu mlango.”

“Ah, hiyo si shida, tutaisafisha kwa kompyuta.”

“Msiuguse mlango!” Fundi alipaza sauti, akakumbuka alipo, akashusha. “Mlango ndio ngoma yenyewe. Na huyo anayesema ovyo ni mimi. Mniache hapo hapo, watu wanisikie.”

Alipokata simu, Swichi alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa kanga ya begani, ingawa haikuwa na vumbi.

“Ulikuwa na nafasi ya kuzitoa nne zako peke yako,” alisema. “Waliniambia.”

“Nilikuwa nayo.”

“Watakucheka.”

“Nimezoea. Niliwahi kupigia bendi iliyoitwa pasi.”

Akamvutia kiti, akampa karatasi na kalamu. Fundi aliandika polepole, kwa mwandiko wa kulala aliojifunza ukubwani, akifuta na kuanza upya mara mbili:

“Ndugu, nyimbo nne za upande wa pili zimetungwa na Swichi. Maneno ni yake, na katika ule wa nne hata kinanda ni chake. Majina nilipeleka mimi kwa mchapaji, na nilijua ninachofanya. Naomba majina yasahihishwe kabla sahani haijatoka.”

“Nimeandika Swichi,” alisema. “Au wataka jina lako la kazini?”

“Mkutubi hakuimba. Acha Swichi.” Akaisoma barua yote, kidole kikifuata mistari. “Hapa, ‘nilijua ninachofanya.’ Hili hukulazimishwa kuliandika.”

“Ndilo lililonichukua muda.”

Swichi alichukua kalamu, akatia saini yake chini ya saini ya Fundi, kisha akamletea bahasha kutoka mezani kwake.

Fundi aliandika anwani ya kampuni mbele. Akaigeuza nyuma, akasita.

“Watahitaji anwani moja ya kurudishia majibu na fomu mpya. Niandike ipi? Dukani kwangu barua zinapotea katikati ya redio za watu.”

Swichi alitazama dirishani, mlinzi alikokuwa akifunga geti dogo. Alifikiri muda mrefu, kwa namna ya mtu aliyeishi peke yake miaka sita na kupanga vitu vyake anavyotaka.

“Andika yangu ya nyumbani.”

“Na majibu yakija?”

“Utakuja kuyasoma.”

Akamtajia namba, Fundi akaziandika moja moja. Swichi alitia barua ndani, akalowesha gundi kwa ncha ya ulimi, akaifunga bahasha, akaibana kwa kiganja. Fundi akaweka kiganja chake juu ya kile, wakaibana pamoja mpaka ikashika. Wakatoka kwa mlango wa mbele, jua likiwa bado juu, wakavuka barabara hadi kwenye sanduku la posta, naye Fundi akaitumbukiza.